Kazi Ng'ambo ya Ziwa: Kibali Kwanza, Mshahara Baadaye

Umepata mchongo Kisumu. Au Kampala. Au wewe ndiye Mkenya uliyeitwa Mwanza, kwenye shule ya mchepuo wa Kiingereza, hoteli au kampuni ya ujenzi. Simu imepigwa, bosi amekupenda, na mshahara uliotajwa ni mnono kuliko huo unaopokea sasa hivi. Marafiki wanakupongeza, mchumba ameshaanza kupiga hesabu za harusi... Mambo safi kabisa!

Sasa jibu swali moja tu: kibali cha kazi kitakuwa kwa jina la nani, na nani anakilipia?

Wengi huliuliza swali hili mwisho, wakiwa wameshakubaliana kila kitu. Wengine hawaliulizi kabisa. Na hapo ndipo kijana msomi mwenye cheti safi anapojikuta ugenini akifanya kazi ya watu wawili kwa mshahara wa nusu mtu, huku mdomo umefungwa. Mwezi huu tunakupeleka Mwanza na ukingo wa Ziwa Victoria, mahali ambapo watu wamekuwa wakivuka mpaka kutafuta riziki kabla hata mpaka wenyewe haujachorwa. Tutatembea, ndiyo, lakini twende na kalamu mkononi.

MJI WA MIAMBA, MJI WA WAGENI

Mwanza haihitaji kutambulishwa sana. Shuka ufukweni karibu na kivuko cha Kamanga jioni, jua likizama, ulione Jiwe la Bismarck likiwa limekaa majini kama mtu aliyelipanga kwa mkono. Panda Capri Point uone nyumba zilizobanana na miamba. Kisha nenda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, uone dagaa wakifungwa magunia kwa magunia. Usikilize lugha: Kisukuma, Kijita, Kikerewe, Kihaya, Kijaluo, Kiswahili cha Bujumbura, cha Goma na cha Nairobi. Wote wamefuata kitu kimoja, pesa!

Ziwa lenyewe lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800. Tanzania ina karibu 51% yake, Uganda 43% na Kenya 6%. Samaki, bila shaka, hawaulizwi pasipoti. Sangara aliyekulia upande wa Uganda anaweza kuvuliwa Ukerewe na kukatwa minofu kiwandani Mwanza. Binadamu ndiye anayetakiwa kujieleza.

Na wanaojieleza ni wengi. Kwa miaka mingi shule binafsi za mji huu zimekuwa zikiajiri walimu kutoka Kenya na Uganda, hasa wa Kiingereza, hisabati na sayansi. Migodi ya Geita nayo imevuta mafundi na wataalamu wa kila aina. Upande wa pili, vijana wetu wanapanda basi kwenda Kisumu, Nairobi na Kampala: wahasibu, wapishi wa hoteli, walimu wa Kiswahili, watu wa kompyuta.

Njia nazo zimefunguka. Ukielekea Kenya unapita Magu, Lamadi, Bunda na Tarime hadi Sirari. Ukivuka tu uko Isebania, halafu Migori, Kisii, hadi Kisumu. Wakurya wapo pande zote mbili za mpaka huo, Wajaluo vilevile. Ukielekea Uganda unapita Sengerema, Geita, Bukoba na Mutukula, kisha Masaka hadi Kampala. Zamani safari hiyo ilianza kwa kusubiri kivuko pale Kigongo. Tangu Juni 19, 2025, lilipozinduliwa daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa takriban kilomita 3, unavuka kwa dakika chache tu.

Barabara, basi, imekuwa rahisi. Lakini usichanganye barabara na kibali. Kufika si kuajiriwa.

ENZI ZA MWAJIRI MMOJA

Wazee wetu waliofanya kazi za reli, posta na meli watakwambia kwamba kulikuwa na wakati jambo hili lilikuwa jepesi. Chukua meli ya MV Victoria. Ilijengwa Uingereza, vipande vikasafirishwa na kuungwa Kisumu, na mwaka 1961 ikaanza kazi ya kuzunguka bandari za ziwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967 ilikuwa na mashirika ya pamoja, kwa hiyo mfanyakazi wa reli au bandari aliweza kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine huku mwajiri wake akibaki yuleyule.

Mwaka 1977 jumuiya ikavunjika. Mali zikagawanywa, MV Victoria ikabaki Tanzania, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Meli hiyo bado ipo. Ilifanyiwa ukarabati mkubwa na mwaka 2020 ikarudi kwenye safari za Mwanza na Bukoba. Ila yule mwajiri mmoja wa nchi tatu hakurudi.

Kilichorudi ni makubaliano. Mkataba wa jumuiya mpya ulisainiwa Novemba 30, 1999, na Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika Julai 1, 2010. Itifaki hiyo inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka. Novemba 28, 2017, siku ya kuapishwa kwake kwa muhula wa pili, Rais Uhuru Kenyatta aliwaambia Waafrika Mashariki kwamba wakitaka kufanya kazi, biashara, kulima, hata kuoa au kuolewa na kuishi Kenya, kitambulisho cha taifa kingetosha. Watu walishangilia sana, na sehemu ya ndoa ndiyo iliyonogesha.

Lakini wewe unayetafuta kazi usiishie kwenye shangwe. Itifaki haikufuta vibali. Inasema mwenye mkataba wa kazi wa zaidi ya siku 90 anaomba kibali, na kila nchi ilitaja fani ilizokubali kuzifungulia mlango. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kufutiana ada za vibali vya kazi. Tanzania iliendelea kutoza. Kwa hiyo "sisi wote ni Afrika Mashariki" ni salamu nzuri, lakini mbele ya ofisa wa Uhamiaji haitoshi.

KIBALI NDIYO NGUVU YAKO

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, kwa hiyo tulia usome polepole.

Tanzania Bara, mgeni anayeajiriwa anahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Cha pili ni kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji, daraja B kwa walioajiriwa. Mwajiri ndiye anayetakiwa kueleza kwa nini nafasi hiyo apewe mgeni, na aonyeshe mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi huo. Kibali cha kazi hakizidi miezi 24 kwa mara moja. Kenya nako kibali cha aliyeajiriwa, kile cha daraja D, kinaombwa kwa ajili ya kazi na mwajiri maalumu.

Umeona? Kibali kinakufunga na mwajiri aliyekuombea. Ukitaka kuhamia kwa jirani anayelipa vizuri zaidi, unaanza upya. Mwenyeji akichoshwa na bosi anaandika barua Ijumaa na Jumatatu anaripoti kwingine. Wewe ukiandika barua hiyo, umeandika pia barua ya kuondoka nchini.

Ndiyo maana kibali ni sehemu ya mshahara, na tena ni sehemu ya kwanza. Tuchukue mfano. Walimu wawili wa hisabati wameahidiwa shilingi milioni 1.2 kila mmoja. Wa kwanza ameandikiwa kwenye mkataba kwamba shule inalipia vibali vyote viwili na kuvihuisha. Wa pili ameambiwa, "Anza kazi kwanza, kibali tunafuatilia." Mwisho wa mwezi wa tatu mkuu wa shule anawaongezea wote vipindi kumi. Wa kwanza anaomba kikao na kutaja kiasi anachotaka kuongezwa. Wa pili ananyamaza. Atasema nini, wakati anajua simu moja tu kwenda Uhamiaji inamtosha? Kwenye karatasi mishahara yao ni sawa, lakini mmoja ana sauti na mwingine hana.

Usidanganyike na "anza kwanza". Pasi ya matembezi ni ya matembezi. Ukikamatwa unafanya kazi nayo, unaweza kutozwa faini, kushtakiwa na kuondoshwa nchini, tena pengine na mshahara wa mwezi ukiwa haujalipwa. Na ukitaka kudai haki, swali la kwanza utakaloulizwa ni: kibali kiko wapi? Asiye na jibu anaanza shauri akiwa nyuma.

Kwa mwenye kibali, mambo ni tofauti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlinda: saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada kwa kiwango cha mara moja na nusu. Akiachishwa kazi kwa uonevu anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi Mwanza, ndani ya siku 30. Siku 30 ni chache, usizimalize kwa kulia.

Na kama wazo lako ni kufungua kijibiashara cha pembeni huku umeajiriwa, tia breki. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uwakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu, ufundi simu, saluni zisizo za hotelini au za kitalii, kuongoza watalii na kununua mazao shambani. Faini kwa mgeni haipungui shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi sita, na vibali vinafutwa. Mtanzania anayemkingia kifua mgeni naye ana adhabu yake. Kwa hiyo shemeji mwema anayekwambia "tutaandika kwa jina langu" anakuingiza shimoni, na yeye anaingia pamoja nawe.

SHILINGI TATU, JINA MOJA

Ukishaweka sawa suala la kibali, ndiyo tuzungumze hela. Na hapa kando ya ziwa kuna mtego mtamu: nchi zote tatu zina shilingi!

Shilingi 1 ya Kenya ni kama shilingi 20 za Tanzania, ikipanda na kushuka kidogo. Shilingi ya Uganda ni ndogo kuliko yetu. Shilingi 1,000 zao ni kama 700 zetu. Kwa hiyo mtu wa Kampala akikuahidi milioni moja na nusu, usirukeruke. Hiyo ni milioni moja na kidogo ya Mwanza. Na mtu wa Kisumu akikutajia elfu sitini, usinune pia, maana hiyo ni kama milioni 1.2 ya kwetu.

Lakini kubadili fedha peke yake hakutoshi. Uliza: hiyo ni kabla ya makato au ni ya kuingia mkononi? Tanzania, mchango wa NSSF kwa sekta binafsi ni 20% ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu yake. Uganda mfanyakazi anakatwa 5% na mwajiri anaongeza 10%. Kenya kuna NSSF, kuna 2.75% ya bima ya afya ya jamii na kuna 1.5% ya nyumba, mbali na kodi ya mapato. Elfu sitini ya mdomoni ikifika benki imeshakonda.

Halafu piga hesabu ya maisha. Nyumba ni shilingi ngapi mtaa utakaoishi? Mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi mmoja au ya miezi sita kwa mpigo? Nauli ya kila siku je? Na nauli ya kurudi nyumbani, maana msiba hautangoji likizo? Jumlisha hayo yote, kisha linganisha na kinachobaki mfukoni hapa ulipo. Kama tofauti ni ya nauli ya basi tu, bora ubaki ule sato wa Mwanza ukiwa karibu na mama.

Kumbuka pia likizo. Tanzania unapata siku 28 mfululizo kwa mwaka, Kenya siku 21 za kazi. Mwenye kufanya kazi siku tano kwa wiki akizihesabu ataona za Kenya zinazidi wiki nne. Usidharau namba kabla ya kuihesabu.

"NAOMBA" AU "NATAKA"?

Kuna jambo ambalo halipo kwenye mkataba, nalo ni ulimi. Mkenya akiingia ofisi ya Mwanza na kusema, "Mimi nataka milioni mbili, chini ya hapo hatuelewani," hajakosea Kiswahili, lakini chumba kizima kimepoa. Huku kwetu unaanza na shikamoo kama mwenye ofisi amekuzidi umri, unauliza habari za kazi, unaulizwa za safari, ndipo unaingia kwenye hoja. Ukiweza kumwambia Msukuma "mwangaluka" asubuhi, umeshapata tabasamu. Halafu unasema, "Mheshimiwa, naomba tuangalie hili eneo la mshahara." Heshima hiyo haikupunguzii hata senti. Namba yako ni ileile, umeipeleka kwa sahani safi.

Mtanzania naye akienda Kisumu au Nairobi akaanza "naomba, samahani, kama inawezekana, hata kidogo tu..." ataonekana hana uhakika na anachostahili. Kule watu wanapenda namba, tena mapema. Taja kiasi, taja sababu mbili, kisha nyamaza. Kampala nako usaili mwingi ni kwa Kiingereza, hata kama Katiba yao tangu mwaka 2005 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Fanya mazoezi ya kuzungumzia mshahara wako kwa Kiingereza kabla ya kupanda basi.

Kosa kubwa zaidi kwa wageni wote ni kutaja mshahara wa nyumbani. Bosi akikuuliza, "Unalipwa ngapi huko?" anatafuta sakafu ya kusimamia. Mjibu kwa adabu kwamba umeangalia kazi yenyewe na gharama za mji huu, na kiasi chako ni hiki. Kwa mfano, wenyeji wa cheo hicho wanalipwa ngapi? Ulizia wawili watatu kabla ya kikao. Mgeni asiyejua bei ya soko ndiye anayeishusha, na wenyeji wakigundua wanakuchukia wewe, hawamchukii bosi.

NA MWENZAKO JE?

Hapa ndipo wapenzi wengi wanapoteleza. Kibali chako si kibali cha mwenzako. Mume au mke anaweza kupata pasi ya mtegemezi, lakini pasi hiyo haimruhusu kuajiriwa. Kwa hiyo kama leo mnaishi kwa mishahara miwili Mwanza, mkihamia Kampala mtaanza na mmoja. Mkubwa, sawa, lakini mmoja! Na mtu mzima aliyezoea kuamka na kwenda kazini, akikaa miezi sita ndani ya nyumba ugenini akisubiri uje umsimulie siku yako... nyumba hiyo itawaka moto, hata kama mnapendana vipi.

Zungumzeni mapema. Nani anaacha nini? Kwa muda gani? Kuna kazi anayoweza kuombewa kibali chake mwenyewe? Na kama mnatarajia mtoto, fungueni sheria. Likizo ya uzazi Tanzania ni siku 84, Kenya miezi mitatu, Uganda siku 60 za kazi. Baba anapata wiki mbili Kenya, siku nne za kazi Uganda, na Tanzania siku zisizopungua tatu. Wanaume, msijifanye hamjasoma hapo.

Na mkikubaliana mmoja atangulie, pangeni tarehe ya kuonana na nani analipa nauli. Mapenzi ya Sirari na Mutukula yanawezekana, ila yanataka bajeti.

KABLA HUJASAINI

Kata ukurasa huu uuweke kwenye pochi.

1. Mkataba wa maandishi uutie mkononi na kuusoma wote kabla hujaacha kazi uliyonayo.
2. Uandikwe nani analipia kibali cha kazi, kibali cha ukaazi na kuvihuisha, na kwamba gharama hizo hazitakatwa kwenye mshahara wako.
3. Uandikwe mshahara kwa sarafu ipi, kabla ya makato na baada ya makato.
4. Uandikwe itakuwaje kibali kikikataliwa: nani anakulipa siku ulizosubiri na nani anakurudisha nyumbani.
5. Vyeti vyako vihakikiwe mapema. Wauguzi na wahandisi wanahitaji usajili wa baraza au bodi ya nchi wanayokwenda. Jumuiya ina makubaliano ya kutambuana kitaaluma kwa wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo, lakini usajili unaomba mwenyewe.
6. Pasipoti ni yako. Mwajiri apewe nakala. Akitaka kuifungia kabatini "kwa usalama", mshukuru na uirudishe mfukoni.
7. Tunza akiba ya nauli ya kurudi kwenye akaunti ambayo huigusi. Mtu mwenye nauli ya kurudi anajadiliana vizuri zaidi.

Hatusemi usiende. Nenda! Ziwa hili limelisha watu wa pande zote, na kijana aliyefanya kazi nchi mbili anarudi na macho mapana na marafiki wapya, pengine hata na mchumba wa Kisumu. Ila siku utakayokaa mbele ya bosi wa ng'ambo, naye akaegemea kiti na kukuuliza, "Sasa, unataka tukulipe ngapi?", usikimbilie namba. Tabasamu, weka kalamu mezani, na umwambie: "Kabla ya hapo, tuzungumze kibali." Jibu lake litakueleza kama inafaa kuendelea na kikao.

Safari njema!